Maswali Yenu: Gari Kuukuu la Mchango, Kutoka Chini ya Turubai Hadi kwa Mshindi

Barua zimekuwa nyingi tangu tuandike kuhusu klabu zinazopokea magari ya spoti ya zamani kama mchango, kuyafufua, kisha kuyauza kwa mnada au bahati nasibu ili fedha ziende kwa wagonjwa na yatima. Wengi mmeuliza kuhusu gari moja, MGB, na si ajabu. Lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000, na vipuri vyake bado vinapatikana. Kwa hiyo safari hii ni MGB tu.

Kabla ya kusoma majibu shikeni neno hili: gari la hisani mwisho wake litaendeshwa na mtu asiyelijua. Mwenye gari lake huzoea kasoro, akajua breki inavuta kushoto na mlango unataka kusukumwa kwa goti. Aliyenunua tiketi ya pauni mbili akashinda hajui lolote kati ya hayo.

SWALI: Klabu yetu hapa Coventry imepewa MGB ya wazi ya 1971. Imelala gereji miaka 14. Rangi bado inang'aa na aliyeitoa anasema bodi ni nzima. Tuna pauni 4,000 na mafundi sita wa kujitolea. Tuanze na injini au rangi? – Msomaji, Coventry

JIBU: Msianze na chochote kati ya hivyo. Anzeni na vizingiti vya milango. Gari lisilo na paa halina kitu cha kulishika juu, kwa hiyo nguvu yake karibu yote iko kwenye vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango. Kila kizingiti ni kama sanduku refu: bati la nje, ukuta wa katikati, bati la ndani, na reli inayofunga chini. Kutu huanzia ndani ya sanduku hilo, usikoiona, na bati la nje huwa la mwisho kutoboka. Ndiyo maana rangi inayong'aa haithibitishi kitu.

Chukueni sumaku ndogo, ifungeni kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, mpitishe taratibu kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma. Pale inapoacha kushika pana puti, si bati. Halafu pigeni chini ya gari kwa kishikio cha bisibisi: bati zima hulia kama kengele, lililooza hutoa mlio wa kadibodi. Tazameni hasa nyuma ya gurudumu la mbele ambako matope hujipakia ndani ya bawa (madigadi), masanduku ya betri nyuma ya viti, sakafu, na mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa kwa mbele.

Jaribio linalosema kweli kuliko yote ni la jeki. Fungeni mlango, angalieni nafasi iliyo kati ya ukingo wake wa nyuma na bodi. Inueni gari kidogo kwenye pointi ya jeki ya upande huo. Nafasi ikibadilika, au mlango ukakataa kufunguka, gari linajikunja na vizingiti vimekwisha. Msiinue zaidi. Angalieni pia kama kuna bati jipya lililochomelewa juu ya la zamani. Huo ni ufundi wa kuficha: maji hukaa katikati ya mabati mawili na kuoza kunaendelea.

Mkikuta vimeoza, msikate bado. Hapa ndipo klabu nyingi huharibu gari ambalo lilikuwa linaponyeka. Ukikata kizingiti bila kuishikilia bodi, katikati hushuka milimita chache tu, lakini ukishachomelea umeifunga ikiwa imepinda na milango haitakaa tena. Fanyeni hivi. Toeni betri, tangi la petroli, mazulia na viti. Acheni gari likae kwenye magurudumu yake, au tegemezeni chini ya ekseli ya nyuma na mikono ya mbele, ili uzito ukae kama linavyokaa barabarani. Chomeleeni bomba la chuma kwa muda kuvuka uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Tumieni bolti pale inapowezekana ili mlango uweze kurudishwa na kupimwa. Kateni upande mmoja tu. Shikizeni bati jipya kwa vikoleo na nukta chache za weldi, rudisheni mlango, pimeni nafasi: milimita 4 hadi 5, sawasawa kutoka juu hadi chini. Ikiwa si sawa, nukta hukatika kwa dakika moja; weldi kamili hukatika kwa siku nzima. Mkiridhika, chomeleeni kwa vipande vifupi mkirukaruka ili joto lisikusanyike, na pakeni praima ya zinki kwenye kila uso utakaofunikwa. Upande wa pili usiguswe mpaka wa kwanza uishe. Mtu mmoja asimame na kizimamoto muda wote, na abaki nusu saa baada ya weldi ya mwisho, kwa sababu kizuia-sauti kilichobandikwa kwenye sakafu huungua polepole.

Kuhusu fedha, ushauri wetu ni nusu kwa bodi, robo kwa breki, usukani, springi na tairi, na inayobaki kwa injini, umeme na rangi. Mkikuta vizingiti vyote viwili, sakafu na vishikio vya springi vyote vimeoza, pauni 4,000 hazitoshi. Bodi mpya zipo, kampuni ya British Motor Heritage ilianza kuzitengeneza 1988, lakini bei ya moja inapita bajeti yenu kwa mbali. Hapo ni heshima zaidi kumweleza aliyetoa gari, livunjwe, vipuri viuzwe na fedha hizo ziende kwa hisani. Giaboksi yenye ovadraivu, hedi (kichwa cha injini) nzima na magurudumu ya spoku yana wanunuzi.

SWALI: Gari hilohilo, injini haizunguki. Mwenzetu anataka kulivuta kwa gari lingine. – Coventry

JIBU: Mzuieni. Pete za pistoni zilizoshikana na silinda zikilazimishwa huvunjika, na kazi ya wiki moja inageuka ujenzi mpya wa injini.

Toeni plagi zote nne. Mwagieni kila silinda vijiko viwili vya mafuta ya giaboksi ya otomatiki, acheni siku tatu, ongezeni kila jioni. Kisha tieni gia ya nne na watu wawili wasukume gari mbele na nyuma kwa upole, inchi chache tu. Mara nyingi huachia. Ikizunguka, mwageni oili ya zamani, badilisheni filta, tieni 20W-50, kama lita 4.25. Plagi zikiwa bado nje, zungusheni kwa stata sekunde kumi, pumzisheni, rudieni, mpaka geji ya presha ya oili iinuke. Ndipo plagi zirudi. Injini ikishapata moto barabarani presha iwe kati ya psi 50 na 80. Ikikaa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, 10 hadi 25 inatosha.

Pimeni kompresheni ya silinda zote. Ikiwa moja iko chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, tieni kijiko cha oili kwenye silinda hiyo mpime tena. Ikipanda, tatizo ni pete. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Tegemeeni pia sahani ya klachi kuwa imegandana na fulaiwili (gurudumu zito la injini) kwa kutu. Kazeni pedali chini kwa ubao usiku kucha. Wakati mwingine hiyo peke yake huiachisha.

SWALI: Asalaam aleikum. Mama mmoja wa Nyali ametupa gari la marehemu mumewe liuzwe kwa ajili ya kituo cha watoto. Kitabu cha gari bado ni jina la marehemu. Je, sahihi ya mama inatosha? La pili, ukikanyaga breki mara tatu nne magurudumu ya mbele yanashika yasiachie mpaka gari lipoe. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Sahihi ya mama haitoshi, hata kama nia yake ni safi na watoto wake wote wako radhi. Gari la marehemu ni mali ya mirathi. Lazima kwanza ipatikane hati ya mahakama, na kwa familia ya Kiislamu njia ya kawaida Kenya ni Mahakama ya Kadhi, ndipo uhamisho ufanyike NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya. Warithi wote watie sahihi kwenye barua ya kutoa mchango, mkiambatisha nakala za vitambulisho. Msinunue hata nati moja kabla ya hapo. Mrithi mmoja akijitokeza gari likiwa limekwisha kupakwa rangi, mmefanya kazi ya bure na mmemwingiza mama kwenye ugomvi wa nyumbani. Kwa wasomaji wa Uingereza: karatasi ya V5C humtaja aliyesajiliwa kulitunza gari, haithibitishi umiliki. Nanyi pia mnahitaji barua ya mchango.

Sasa breki. MGB ina mipira mitatu ya breki, yaani mabomba laini ya kupitishia mafuta: mmoja kila gurudumu la mbele, mmoja unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini mafuta hayana nguvu ya kurudi, basi kalipa (kibano cha breki) inabaki imebana. Kuhakikisha, breki zikiwa zimeshika legezeni nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, legezeni na upande wa pili. Yote mawili yakiachia hivyo, mipira ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kisha rudieni jaribio kwa kulegeza bomba pale linapotoka kwenye masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali): ikiachia hapo pia, masta silinda ndiyo inayozuia, au fimbo ya pedali hairudi hadi mwisho. Gurudumu lisipoachia hata baada ya kufungua nati ya kalipa, pistoni zake zimeota kutu.

Gari la hisani badilisheni mipira yote mitatu bila mjadala, na sili za masta silinda na wili silinda. Mabomba ya chuma yaondoeni muweke ya kuproniko (mchanganyiko wa shaba na nikeli). Kwa hewa ya Mombasa chuma hakidumu. Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 4 kutoka chupa isiyofunguliwa, kwa sababu hunywa unyevu hewani. Toeni upepo mkianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mwisho kanyageni pedali kwa nguvu dakika nzima bila kupampu. Ikizama polepole bila tone kuonekana nje, sili za masta zinapitisha.

Onyo ambalo tunaliandika kila tukigusa breki za zamani: vumbi la shu na padi za enzi hizo huenda lina asbesto. Msilipulize kwa kompresa. Lilowesheni kwa maji yenye sabuni, lifuteni kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

SWALI: Kabureta mbili za aina ya SU zinatutesa. Leo gari linakaa sailensi vizuri, kesho linazima kwenye taa. Tumezirekebisha mara nyingi. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Huenda mnarekebisha kitu ambacho si kibovu. Kabureta ziwe za mwisho. Kwanza tapeti (nafasi ya valvu), pointi za distribyuta na plagi.

Nafasi ya tapeti za MGB ni milimita 0.38 injini ikiwa ya moto. Tumieni hesabu ya tisa: valvu ni nane kwa mstari, na namba ya valvu iliyofunguka kabisa pamoja na ile unayoipima zijumlishwe tisa. Ya nane ikiwa chini kabisa, unapima ya kwanza. Ya sita ikiwa chini, unapima ya tatu. Pointi ziwe milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.64.

Sasa kabureta. Inueni pistoni ya kila moja kwa kidole mpaka juu, muiachie: ishuke laini na iguse chini kwa mlio wa wazi, "tak". Isipolia, sindano inagusa jeti. Angalieni oili ndani ya kifuniko cha juu. Iwe juu ya mdomo wa fimbo yenye uwazi kwa kama milimita 13. Halafu nyunyizeni tone la oili nyepesi kwenye ncha za mhimili wa throto injini ikiwa inawaka. Mngurumo ukibadilika, mhimili umelika na unavuta upepo. Kabureta ya namna hiyo haitatulia hata mkikesha nayo. Inataka mhimili na bushi mpya. Kwa barua yenu, hapo ndipo tungeanzia.

Zikiwa nzima, linganisheni upepo kwa kusikiliza mdomo wa kila moja kwa kipande cha mpira sikioni. Mwisho mchanganyiko: inueni pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja. Mwendo ukipanda ukabaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikitaka kuzima, ni kidogo. Ikipanda kidogo mara moja kisha ikatulia, acheni. Nati ya chini ya jeti ikishuka inaongeza mafuta, ikipanda inapunguza. Uso mmoja wa nati kwa mara moja.

SWALI: Je, ni lazima tubadilishe hedi kwa sababu petroli ya siku hizi haina risasi? – Msomaji, Leicester

JIBU: Si lazima mara moja. Risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu za ekzosi visilike. Uingereza iliacha kuuza petroli yenye risasi kwa umma tangu 2000, na nchi za kwetu tangu 2006, na MGB nyingi bado zinatembea na hedi zake za awali. Pimeni tapeti za ekzosi kila maili 1,000. Zikibaki palepale, endeleeni. Nafasi ikizidi kupungua kila mnapopima, valvu inazama ndani ya hedi, na siku hiyo peleka hedi ikatiwe viti vigumu. Ikiwa hedi imeshatolewa kwa sababu nyingine, tieni viti hivyo hapohapo.

Linaloharibu zaidi kwa sasa ni ethanoli. Petroli ya kawaida Uingereza ni E10 tangu Septemba 2021, na hulainisha mipira ya zamani mpaka ikatoka jasho la petroli. Wekeni mipira inayohimili ethanoli, pamoja na vile vipande vifupi vinavyoingia kabureta, ambavyo vinasahauliwa na viko juu ya ekzosi yenye moto.

SWALI: Gari tulilopewa hapa Muscat lina magurudumu ya spoku na tairi zenye kashata nzuri kabisa. Pembeni pameandikwa DOT na mwisho wake 249. Tuziache? – Msomaji, Muscat

JIBU: Ziondoeni leo. Tarakimu tatu maana yake ni kabla ya 2000: wiki ya 24, mwaka unaoishia na 9, basi mpya zaidi inaweza kuwa 1999. Kuanzia 2000 tarakimu ni nne. Tairi ya umri huo hupasuka kwa joto la barabara zenu hata kama kashata ni mpya. Magurudumu ya spoku yanataka tyubu, na mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku uwe mpya.

Kuna hatari kubwa zaidi. Kofia moja ya katikati ndiyo inayoshika gurudumu zima. Ya kushoto hufunguka kinyume cha saa, ya kulia hufunguka kufuata saa. Hubu zikibadilishwa pande wakati wa ukarabati, kofia hujifungua zenyewe gari likienda. Hakikisheni nyuzi kabla ya kushusha gari. Halafu mtu akanyage breki, mwingine atikise gurudumu mbele na nyuma: mkisikia "kti, kti", meno ya hubu na ya gurudumu yamelika. Badilisheni vyote viwili. Gurudumu jipya kwenye hubu mbovu hulika upesi. Pakeni grisi kwenye meno, pigeni kofia kwa nyundo ya shaba, na kazeni tena baada ya kilomita 50.

SWALI: Gari letu ni la 1965. Kabla ya mnada tunataka kulionyesha Concours, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse. Kijana wetu amefunga chaja ya simu, ikaungua. – Msomaji, Nairobi

JIBU: MGB za kabla ya mwisho wa 1967 upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Chaja yake ilipokea umeme kwa kinyume. Ama mwiache na mbandike onyo la wazi karibu na betri, ama mgeuze mfumo wote kwa fundi umeme. Tungewashauri mgeuze: mnunuzi akiazima betri ya jirani njiani, atafunga kama alivyozoea. Kwa majaji, sugueni chini ya gari na ndani ya buti, na msipake rangi nyeusi juu ya kutu.

SWALI: Tunataka kuuza tiketi za bahati nasibu. Sheria ya Uingereza inatutaka nini, na tumkabidhi mshindi nini? – Msomaji, Birmingham

JIBU: Kwa Uingereza, Skotilandi na Welisi mnaweza kujisajili halmashauri kama bahati nasibu ya chama kidogo: pauni 40 mara ya kwanza, 20 kila mwaka. Mauzo ya droo moja yasizidi pauni 20,000, zawadi moja isizidi 25,000, na angalau asilimia 20 ya mapato iende kwenye hisani. Mkilenga asilimia 20 tu, hata hivyo, mmewaonea wagonjwa. Gari na kazi yenu ni vya bure, basi lengeni juu sana. Tiketi zote ziwe bei moja, hakuna "tano kwa bei ya nne". Hesabu zipelekwe halmashauri ndani ya miezi mitatu.

Gari lililozidi miaka 40 halilazimiki kukaguliwa MOT (ukaguzi wa usalama wa kila mwaka Uingereza) ikiwa halikubadilishwa sana. Lipelekeni hata hivyo. Jicho la mtu asiyelipenda gari lenu huona zaidi.

Siku ya kukabidhi, mwekeni mshindi kwenye kiti na mmwonyeshe kwa vitendo, si kwa karatasi peke yake: namna ya kuvuta choki na lini kuirudisha, geji ya oili inasoma wapi ikiwa salama, sauti ya pampu ya petroli inayogonga nyuma kisha kunyamaza. Mwonyesheni chuchu za grisi za mbele, kila maili 3,000. Ndani ya buti wekeni lita moja ya 20W-50, nyundo ya shaba, mkanda wa feni, na daftari lenye kila kipuri kilichobadilishwa na tarehe yake. Kisha aendeshe maili tano, mmoja wenu akiwa pembeni, kabla hajapewa ufunguo wa pili.